Jinsi ya Kuandika Maoni ya Haki Kuhusu Misimu ya Mwishomwisho ya Supernatural

Supernatural, tamthilia ya ndugu wawili, Sam na Dean Winchester, wanaowinda mapepo na mazimwi, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Septemba 2005 na ikafungwa tarehe 19 Novemba 2020: misimu 15, episodi 327. Tamthilia ndefu kiasi hicho haipimwi kwa mzani mmoja, na hapo ndipo maoni mengi ya watazamaji yanapokwenda mrama. Mtu anauweka msimu wa 12 au wa 14 kando ya ule wa 4, anaona havifanani, basi hukumu imeshatoka. Lakini kila msimu una swali lake. Kwanza litambue swali hilo, halafu utazame kama limejibiwa na kwa gharama gani. Mifano iliyomo humu inafichua mambo mpaka episodi ya mwisho kabisa. Ambaye hajamaliza na amalize kwanza.

Jua unapima kazi ya nani

Eric Kripke, aliyeibuni tamthilia hii, aliongoza misimu 5 ya kwanza, na simulizi aliyoianzisha ilifika kileleni tarehe 13 Mei 2010, katika episodi ya "Swan Song". Misimu ya 6 na 7 iliongozwa na Sera Gamble. Jeremy Carver akashika kuanzia wa 8 hadi wa 11, kisha Andrew Dabb na Robert Singer wakaifikisha mwisho. Kwa hiyo ukisema "misimu ya baadaye" bila kutaja namba, umewatia watu wa mikono tofauti katika kapu moja. Taja namba.

Hesabu pia episodi. Msimu wa 3 una 16 tu, kwa sababu mgomo wa waandishi wa Marekani ulioanza Novemba 2007 ulikata kazi katikati. Kuanzia msimu wa 7 hadi wa 13 kila mmoja una 23, na miwili ya mwisho ina 20. Msimu wa episodi 23 lazima ubebe nyingi za zimwi la wiki, yaani zile ambazo kina Winchester wanaingia mji fulani, wanaua kinachoua watu, na wanaondoka. Kabla ya kuandika kwamba msimu unajikokota, chukua karatasi uzigawe: ngapi zinasukuma hadithi kuu, ngapi za zimwi la wiki, na ngapi zinachanganya yote mawili. Mara nyingi utakuta tatizo si wingi wa mazimwi. Tatizo ni pale zinapopangwa tatu mfululizo mara tu baada ya jambo zito, na joto lote likapoa.

Kutazama kwa nia ya kuandika

Episodi moja ni kama dakika 42. Msimu wa episodi 23 unakula saa 16 hivi, na wa 20 unakula saa 14. Tazama 2 kwa siku, zikizidi sana 3. Tamthilia hii iliandikwa kwa mtu anayesubiri wiki nzima, na katikati ya msimu kulikuwa na mapumziko marefu zaidi. Ndiyo maana Sam na Dean wanakumbushana ndani ya gari jambo ambalo wewe umeliona jana usiku. Kwa aliyengoja siku saba ule ni msaada. Kwa anayemeza episodi 6 kwa mkao mmoja ni kero. Ukitaka kulalamika kwamba mazungumzo yanajirudia, hakikisha yanarudia maana ileile bila kuongeza neno, na useme ulitazama kwa kasi gani.

Kabla ya kuanza, rudia episodi 2 za mwisho za msimu uliotangulia na zile chache zilizopanda mbegu. Kwa msimu wa 15 hili ni la lazima. Ukiingia bila kukumbuka mwisho wa msimu wa 14, Chuck ataonekana adui aliyeokotwa njiani. Ukweli ni kwamba aliingia msimu wa 4, episodi ya 18, kama mwandishi wa vitabu aliye nabii. Msimu wa 11 ukamtambulisha kuwa ndiye Mungu wa ulimwengu ule. Episodi ya mwisho ya msimu wa 14 ndiyo iliyoweka wazi kwamba amekuwa akiyaendesha maisha ya Sam na Dean kama hadithi ya kujiburudisha. Hapo ndipo swali la msimu wa 15 linapozaliwa: je, kuna lolote walilowahi kuchagua wenyewe? Msimu huo upimwe kwa swali hilo.

Usirudie msimu wa kwanza wote ili kulinganisha. Utalinganisha upya wa mwanzo na uzoefu wa mwisho, na mwanzo utashinda daima. Ukilazimika, linganisha vilivyo mahali pamoja: ufunguzi kwa ufunguzi, episodi ya 10 kwa ya 10.

Daftari la sheria na deni

Kifaa hiki ndicho chenye faida kuliko vingine vyote. Tamthilia ya mizimu na malaika haina mipaka ya kawaida. Mfu anaweza kurudi, roho inaweza kuuzwa, wakati unaweza kurudishwa nyuma. Kinachotufanya tuogope ni sheria, na kinachotufanya tulie ni gharama. Gharama ikifutwa, hofu nayo inakwenda. Piga mistari ya safu nne: sheria ilivyotajwa, nani ameivunja, alilipa nini, na malipo yalidumu episodi ngapi.

Jaza mstari wa kwanza kwa mfano ulio wazi. Mwisho wa msimu wa 2 Dean anauza roho yake ili Sam afufuke, na badala ya miaka 10 ambayo pepo wa njia panda huwapa wengine, anapewa mwaka 1. Mwaka huo ndio msimu wa 3 wote. Anakufa katika episodi ya 16 na kwenda kuzimu. Malaika Castiel anamtoa mwanzoni mwa msimu wa 4, lakini miezi 4 ya duniani ilikuwa miaka 40 kule chini, na tunakuja kuambiwa kwamba katika miaka 10 ya mwisho alikubali kuwatesa wengine. Kisha inafichuka kwamba kukubali huko ndiko kulikovunja muhuri wa kwanza wa kiama. Tazama safu ya nne: deni moja limelipwa kwa misimu mitatu, na kila malipo yamezaa tukio jipya.

Sasa jaza Bobby, mwindaji mzee aliyekuwa kama baba kwao. Alikufa msimu wa 7, episodi ya 10, na kifo chake kiliuma. Mwisho wa msimu wa 12 unafungua mlango wa dunia nyingine, na anatokea Bobby wa huko. Charlie, rafiki yao aliyeuawa msimu wa 10, naye anapata pacha wake wa namna hiyo. Sura imerudi, mtu hajarudi: yule mpya hana kumbukumbu hata moja ya mezani na Sam na Dean. Ukiandika "wafu wanafufuka ovyo" utakuwa hujaliona jambo lenyewe. Kosa ni kwamba safu ya tatu iko tupu, hakuna aliyelipa, na mtazamaji anaombwa ampende mgeni kwa mapenzi ya marehemu.

Daftari hilohilo litakuzuia kuionea misimu ya mwisho. Mary, mama yao, anarudishwa mwishoni mwa msimu wa 11 kama zawadi. Inaonekana bure, lakini msimu wa 12 unatoza: mama aliyekufa akiwaacha wanawe wadogo anakuta wanaume wazima asiowajua, anashindwa kukaa nao na kuondoka. Hakuna damu iliyomwagika, na bado ni malipo makali. Au chukua Castiel. Msimu wa 14, episodi ya 8, anakubali kwamba Utupu, mahali malaika wanapokwenda wakifa, utamchukua siku atakayopata furaha ya kweli, ili Jack, mwana wa Lusifa wanayemlea, aokolewe. Deni linakuja kudaiwa msimu wa 15, episodi ya 18, episodi 30 baadaye, pale anapomwambia Dean kwamba anampenda. Unaweza kuupenda au kuukataa uamuzi huo, ila huwezi kusema ulizuka tu.

Weka mstari pia kwa silaha. Mwanzoni kumtoa pepo kulihitaji chumvi, maji matakatifu na kusoma Kilatini neno kwa neno, na aliyepagawa aliweza kupona. Kisu cha pepo Ruby kilichoingia msimu wa 3 kinaua pepo kwa pigo moja, na mwenye mwili anakufa naye. Kadiri misimu inavyosonga kisu kinazoeleka na yule mwenye mwili anasahaulika. Hilo ni lalamiko zito, na ni wachache wanaolitaja.

Halafu kuna ngazi ya maadui. Pepo mwenye macho ya njano, kisha Lusifa, kisha Leviathani, kisha Amara dada wa Mungu, kisha Mungu mwenyewe. Adui akipanda kila msimu, hatari inapoteza uzito kwa sababu mwisho wa dunia umeshaonekana mara nyingi. Msimu wa 8 ulilishughulikia hili vizuri kuliko watu wanavyoukumbuka. Sam alipewa majaribu matatu ya kufunga milango ya kuzimu: kumuua mbwa wa kuzimu, kuitoa roho isiyo na hatia huko, na kumponya pepo. La tatu lingemuua, na Dean akamsihi aache. Hatari ilishuka kutoka mbinguni ikaja kukaa kati ya ndugu wawili kanisani.

Lawama iende kwa mwenye kosa

Kila unapotaka kulalamika, uliza kama kosa ni la uandishi, la mazingira ya kazi, au ni ladha yako tu. Msimu wa 15 unafundisha vizuri. Episodi 13 zilikuwa zimeonyeshwa kufikia tarehe 23 Machi 2020, upigaji picha ukasimama kwa sababu ya korona zikiwa zimebaki episodi 2, na onyesho likarudi tarehe 8 Oktoba. Hizo 2 zilipigwa chini ya masharti ya afya. Ukiona mwisho una watu wachache, usikimbilie kusema waandishi waliwasahau wahusika. Lakini namna Dean anavyokufa, kwa kuchomwa na chuma cha nguzo katika ghala walipokuwa wakipambana na vampaya, ni uamuzi wa hadithi, na hapo waandishi wajibu.

Ladha nayo iandikwe kama ladha. Kama wewe ni mpenzi wa Castiel na hukumwona tena baada ya episodi ya 18, liseme mapema. Msomaji ataujua mzani wako.

Kuandika

Sentensi ya kwanza itaje msimu, swali lake, na jibu lako. Kisha hoja 3, zisizidi 4, kila moja na episodi yake. Maneno 300 hadi 500 yanatosha kwa msimu mzima. Kwa episodi moja, 150.

Haya ni maoni yasiyofaa: "Mwisho ulikuwa mbovu, wamemuua Dean kijinga, miaka 15 imepotea." Hasira ipo, hoja haipo. Iandikwe hivi: "Msimu wa 15 uliuliza kama ndugu hawa wanaweza kuishi bila mtu kuwaandikia maisha. Episodi ya 19 inamshinda Chuck na kuwapa uhuru huo. Episodi ya 20 inamwonyesha Dean akiutumia kwa muda mfupi tu kabla ya kufa kazini. Uhuru umetajwa, lakini hatukuwaona wakiuishi." Anayeutetea mwisho naye ana njia: "Kwa mara ya kwanza hakuna mkono uliopanga kifo chake. Amekufa kifo cha mwindaji, na anamwomba Sam asimrudishe. Ule mnyororo wa kuuza roho uliowafunga tangu msimu wa 2 umekatika." Maoni yote mawili yanasimama kwa sababu yameshika swali lilelile.

Usimwage mtama penye kuku wengi. Aya ya kwanza isiwe na jina la aliyekufa, na kichwa cha habari kisiwe nalo kabisa. Hapo ndipo watu wengi huumizwa, maana kichwa husomwa hata na asiyefungua. Ufichuzi uanze baada ya onyo linalotaja umbali: "kuanzia hapa ni mpaka msimu wa 12, episodi ya 9."

Kusoma maoni ya wengine

Wastani wa nyota unadanganya kwenye misimu iliyogawanya watu. Watu 10, watano wakitoa 10 na watano wakitoa 1, wastani ni 5.5, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona msimu ni wa kati. Tazama mgawanyo wa kura. Angalia pia tarehe: yaliyoandikwa usiku wa onyesho yana machozi bado, yaliyoandikwa miaka baadaye yana kumbukumbu iliyochujwa. Soma yote mawili. Na aliyeacha kutazama msimu wa 5 anaweza kukueleza vizuri kwa nini aliacha. Kuhusu msimu wa 11 hana ushahidi.

Acha wiki 2 zipite, urudie episodi zile 3 au 4 ulizozilalamikia zaidi, kisha usome tena ulichoandika. Ukibadili mawazo, usifute. Ongeza tarehe chini yake na utaje tukio lililokugeuza, kwa namba ya episodi.