Kabla ya kupanda meli kwenda Albany: maandalizi ya mkulima wa Kiingereza, 1819

Julai 1819 Bunge la Uingereza lilitenga pauni 50,000 za kuwasafirisha raia wake wakaishi mpakani mwa Koloni la Rasi, Afrika Kusini. Vita vya Napoleon vilikwisha 1815. Askari walirudi nyumbani, kazi hakuna, mkate ghali. Watu wapatao 4,000 walikubaliwa, na Desemba mwaka huohuo meli za kwanza, Chapman na Nautilus, ziling'oa nanga. Mkulima mwenye mke na watoto alipaswa kupima nini kabla ya kutoa fedha yake?

Kabla ya yote, ardhi ni ya nani. Tangazo la serikali lilitoa ahadi ya ekari 100 kwa kila mwanamume mzima, bila kodi kwa miaka 10 ya mwanzo. Halikueleza kwa nini nchi hiyo, iliyoitwa Zuurveld na baadaye Albany, ilikuwa wazi. Kati ya 1811 na 1812 jeshi chini ya Kanali John Graham liliwafukuza Waxhosa wapatao 20,000 na kuwavusha Mto Great Fish, likachoma nyumba zao na kuharibu mashamba yao. Aprili 1819, miezi mitatu tu kabla ya Bunge kupitisha zile fedha, nabii Makhanda aliwaongoza maelfu ya Waxhosa kuushambulia mji wa Grahamstown ili waikomboe nchi yao. Walishindwa. Makhanda alijisalimisha, akafungwa katika kisiwa cha Robben, akafa maji akijaribu kutoroka. Mji huo leo unaitwa kwa jina lake.

Gavana wa koloni, Lord Charles Somerset, alitaka wakulima wengi wakae karibu karibu, wawe kinga kati ya koloni na Waxhosa. Kwa hiyo mtu aliyedhani anaitwa kulima alikuwa anaitwa kulinda mpaka, na jirani yake wa ng'ambo ya mto alikuwa na madai ya haki juu ya shamba lile lile. Naamini jambo hili peke yake lilistahili kumrudisha mtu kutoka bandarini, hata kama kwao kulikuwa na njaa. Lakini wengi walilijua walipokwisha fika, pale ofisa wa serikali alipowaonya wasiende kulima bila bunduki.

Mengine mengi yalitokana na hilo. Ekari 100 kwao Uingereza ni shamba la kujivunia. Makaburu waliotangulia sehemu zile walizoea mashamba ya ekari 6,000 hivi, na sababu ilikuwa nyasi. Malisho ya Zuurveld hustawi miezi ya joto na mvua, kisha baridi ikiingia hukosa lishe na ng'ombe hukonda. Waxhosa walilijua hilo tangu zamani, wakihamisha mifugo yao kufuata majira. Mgeni aliyefungiwa ndani ya ekari 100 hakuwa na pa kuhamia. Angeuliza mapema ukubwa wa mashamba ya Makaburu hao, angejua kuwa eneo lake lilikatwa kwa hesabu ya kujaza mpaka watu.

Mbegu nazo. Waliofika kuanzia Aprili 1820 walishushwa Algoa Bay, wakapelekwa kwa magari ya ng'ombe hadi viwanja vyao, wakakaa kwenye mahema na kupanda ngano haraka. Ngano ikaota vizuri, ikakaribia kukomaa, kisha ikashikwa na kutu: vumbi jekundu juu ya mashina, masuke matupu. Ikawa hivyo 1820, ikawa hivyo 1821, ikawa hivyo 1822. Oktoba 1823 mafuriko yakazoa hata nyumba za miti na udongo. Wasomaji wa Njoro, Kenya, wanaujua ugonjwa huu, maana ndio uliomaliza ngano ya mlowezi Lord Delamere mwanzoni mwa karne ya 20, hadi akalazimika kutafuta mbegu zinazouhimili. Basi maandalizi ya busara yalikuwa kupanda mahindi na maboga tangu msimu wa kwanza, si baada ya njaa kufundisha.

Fedha: kila mwanamume, pamoja na mke na watoto wawili, alitakiwa kuweka amana ya pauni 10, irudishwe kwa mafungu matatu baada ya kufika. Wengi walijiunga chini ya kiongozi wa kundi, na aliyekosa amana alikubali kumtumikia aliyemlipia. Mkataba wa namna hiyo ulihitaji kusomwa neno kwa neno, kwa kuwa posho ya chakula ilikatwa humo humo kwenye amana.

Sheria pia. Walowezi hawa walikatazwa kumiliki watumwa, na kwangu hiyo ndiyo sehemu safi ya mpango mzima. Lakini walikatazwa pia kutoka kwenye viwanja vyao bila hati ya ruhusa, na hawakuruhusiwa kufanya biashara na Waxhosa, majirani ambao wangeweza kuwauzia ng'ombe na nafaka. Soko halali la Fort Willshire lilifunguliwa 1824 tu, shanga na waya wa shaba zikibadilishwa kwa pembe za ndovu na ngozi.

La mwisho ni ufundi wa mikono. Kufikia 1823 zaidi ya nusu ya wanaume walikuwa wameyaacha mashamba. Mhunzi, seremala na mwashi walipata ujira Grahamstown. Asiyejua ila kulima alibaki akingojea posho. Waliovumilia walikuja kuinuka kwa kondoo wa merino na sufu yao, na Desemba 1834 vita vikazuka upya juu ya ardhi ile ile.