Namna ya Kujifunza Msamiati wa Juu wa Kiingereza kwa Kutumia Dokumentari ya Kesi ya Crippen

Mtu mzima aliyesoma hapa Mwanza hadi kidato cha sita au chuo kwa kawaida hakosi maneno ya Kiingereza ya kila siku. Kinachomkwamisha ni maneno yanayokaribiana maana, yale ambayo Kiswahili huyabeba kwa neno moja na Kiingereza huyagawa matatu au manne. Nafundisha Kiingereza jioni kwa makarani, watangazaji wa redio na wanafunzi wa sheria, na nimeona kwamba orodha ya maneno, hata ikikaririwa vizuri namna gani, hailiondoi tatizo hili. Kesi ya jinai huliondoa, kwa sababu katika kesi kila neno lina siku yake na mtu wake: yupo anayeshuku, anayekamata, anayeapa, anayeamua na anayetoa adhabu, na hakuna anayeweza kushika nafasi ya mwenzake. Dokumentari ya uhalifu wa kihistoria inakuonyesha watu hao mmoja mmoja kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio utakaokushikia maneno.

Kwa mfano nitatumia kesi ya Dk. Hawley Harvey Crippen wa London, ya mwaka 1910. Zipo dokumentari kadhaa kuihusu, na yoyote utakayoipata itakufaa. Nachagua kesi ya zamani kwa makusudi. Ndani yake husomwa nyaraka za wakati ule, kwa hiyo unasikia Kiingereza cha namna zaidi ya moja. Tena hatujifunzi lugha kupitia msiba ambao jamaa wa marehemu bado wanaulilia.

Hatua ya kwanza: Ijue kesi kwa Kiswahili kabla ya kutazama

Usiifanye akili yako itafute habari na maneno kwa wakati mmoja. Soma muhtasari huu mpaka uweze kuusimulia bila kuutazama.

Crippen alikuwa Mmarekani aliyeishi London na mkewe, Cora, mwimbaji wa majukwaani aliyejulikana kwa jina la Belle Elmore. Baada ya chakula cha jioni na marafiki tarehe 31 Januari 1910, Cora hakuonekana tena. Crippen aliwaambia watu kwamba mkewe amekwenda Marekani, kisha kwamba amefia huko. Marafiki wa Cora walipomwona Ethel Le Neve, karani wa Crippen, amevaa vito vya rafiki yao, walianza kushuku, na hatimaye habari zikafika Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London. Inspekta Walter Dew alimhoji Crippen mwezi Julai. Mara baada ya hapo Crippen na Ethel walitoroka, na tarehe 13 Julai polisi wakakuta mabaki ya mwili chini ya sakafu ya ghala la makaa katika nyumba namba 39, Hilldrop Crescent.

Wawili hao walipanda meli ya Montrose kutoka Antwerp kwenda Kanada wakijifanya baba na mwanawe wa kiume. Nahodha Henry Kendall aliwatilia shaka, akapeleka habari Uingereza kwa telegrafu isiyo na waya. Dew akapanda meli yenye kasi zaidi, Laurentic, akawatangulia na kuwakamata tarehe 31 Julai. Crippen alitiwa hatiani katika mahakama ya Old Bailey tarehe 22 Oktoba, akanyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 23 Novemba 1910.

Hatua ya pili: Tazama yote bila kusimamisha

Zima maandishi ya chini ya picha. Lengo ni kutambua tu ni wapi katika kesi upo. Kama intaneti yako ni ya kusuasua, pakua filamu mapema pale programu yenyewe inaporuhusu.

Hatua ya tatu: Igawe filamu kwa hatua za kesi

Watu wengi huigawa filamu kwa dakika, kumi leo na kumi kesho. Napinga njia hiyo, kwa sababu dakika hazina maana yoyote ya kushikilia neno. Igawe mahali habari yenyewe inapokatika: kutoweka kwa Cora, upekuzi, safari ya baharini, kesi, na yaliyofuata hukumu. Toa kurasa mbili za daftari kwa kila sehemu na uandike juu yake tarehe na nani mwenye madaraka wakati huo. Katika upekuzi ni inspekta, melini ni nahodha, mahakamani ni jaji na baraza la raia 12 ambalo Waingereza huliita "jury". Kwetu chombo hicho hakipo. Mahakama Kuu ilizoea kukaa na wazee wa baraza, lakini wao walitoa maoni tu yasiyomfunga jaji, ilhali "jury" ndiyo inayoamua kama mshtakiwa ana hatia. Asiyeijua tofauti hiyo atachanganyikiwa katika nusu nzima ya pili ya filamu.

Hatua ya nne: Kusanya maneno kwa sauti tatu

Sasa washa maandishi ya Kiingereza, na kama kuna uchaguzi, epuka yale yanayotengenezwa na kompyuta yenyewe, maana hukosea majina na maneno ya kisheria. Katika dokumentari utasikia sauti tatu: msimulizi, wanahistoria wanaohojiwa, na nyaraka zinazosomwa. Ziandike katika safu tatu tofauti. Neno la msimulizi unaweza kulitumia kazini kesho. Neno la waraka wa 1910 unapaswa kulielewa, si lazima ulitumie.

Mfano mzuri kabisa ni simu ya maandishi ya Kendall, ambayo karibu kila filamu ya kesi hii huisoma: "Have strong suspicions that Crippen London cellar murderer and accomplice are among saloon passengers." Iandike yote. Telegramu huacha maneno madogo, kwa hiyo zoezi la kwanza ni kuyarudisha: nani "have", na "Crippen" na "London cellar murderer" vinaunganishwaje. Kisha litazame neno "saloon". Hapa mjini, kuanzia Kirumba hadi Igoma, limeandikwa juu ya milango ya vinyozi na wasusi, na mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, ina maana walikuwa wanasuka nywele melini?" Swali lake lilikuwa la haki. Katika meli za wakati ule neno hilo lilihusu sehemu ya abiria wa daraja la juu. Msafiri wa Bukoba anayelipia kitanda cha daraja la kwanza angeitwa hivyo.

Usikusanye kila neno geni. Chukua lile tu ambalo unaweza kusema ni nani alilitamka au alilitenda, na katika hatua gani ya kesi. Likikosa mwenyewe, liache lipite.

Hatua ya tano: Tenganisha maneno jirani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningependa uitengee muda mrefu kuliko hatua nyingine zote kwa pamoja.

Anza na "hukumu". Katika mazungumzo yetu neno hili hubeba uamuzi wa hatia, adhabu na hata maandishi ya jaji. Fuata tarehe 22 Oktoba 1910. Baraza la raia lilitoka kujadili, na baada ya dakika 27 likarudi na uamuzi kwamba Crippen ana hatia: hiyo ni "verdict", na kitenzi chake ni "return". Kule kutiwa hatiani ni "conviction". Kisha Jaji Mkuu, Lord Alverstone, akatamka kifo: hiyo ni "sentence", na jaji huitamka kwa kitenzi "pass". Rufaa yake, "appeal", ilitupwa, nayo husemwa kuwa "dismissed". Kilichobaki kilikuwa "reprieve", yaani kuokolewa na adhabu kwa uamuzi wa serikali, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Winston Churchill, hakuitoa. Andika kila nomino pamoja na kitenzi chake na mtendaji wake. Nomino peke yake ni nusu ya neno.

Fuata na "ushahidi". Daktari Bernard Spilsbury, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, alipopanda kizimbani na kueleza kwamba alama kwenye kipande cha ngozi ilikuwa kovu la upasuaji, maelezo yake ya kiapo yalikuwa "testimony". Kipande cha koti la pajama kilichokutwa na mabaki kilikuwa "exhibit", yaani kielelezo. Vyote viwili, pamoja na kumbukumbu kwamba Crippen alinunua sumu ya hyoscine mwezi Januari, viliitwa kwa ujumla "evidence". Neno hili halichukui wingi. Ondoa herufi ya "s" ambayo wengi wetu huibandika mwishoni. Hakuna aliyemwona akiua, hivyo ushahidi wote ulikuwa "circumstantial". Kama ulifikia kiwango cha "proof" ni suala jingine. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walilinganisha vinasaba vya mabaki hayo na vya jamaa wa upande wa mama wa Cora, wakasema mabaki hayakuwa yake, na wengine wakawapinga. Kwa sababu ya mabishano hayo, dokumentari za baada ya mwaka huo zinaelekea kuwa na wingi wa maneno ya tahadhari kama "allegedly", "purported" na "presumably". Yakusanye yote, maana ndiyo yanayotofautisha mwandishi makini na mvumishaji.

Neno "kudai" na jirani yake "kukiri" yanahitaji vitenzi vinne hivi. Crippen alipowaambia marafiki kwamba mkewe amefia Marekani, "he claimed". Dew alipombana, alikiri kuwa alidanganya, na hapo "he admitted". Kwamba hakumuua, alishikilia hadi mwisho, na hapo "he maintained". Upande wa mashtaka nao "alleged" kwamba alimpa sumu.

Mwisho ni Ethel Le Neve. Telegramu inamwita "accomplice", aliyeshirikiana na mhalifu. Mahakamani alishtakiwa kuwa "accessory after the fact", yaani aliyemsaidia mkosaji baada ya kosa kutendeka, akaonekana hana hatia: "acquitted". Sisi tungesema ameachiwa huru. Lakini tunasema hivyo hivyo kwa mtu ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka amemwondolea kesi, ambaye kwa Kiingereza ni "discharged" na anaweza kukamatwa na kushtakiwa tena. Mtangazaji anayevichanganya viwili hivi anamdhulumu mtu mmoja na kumsafisha mwingine.

Hatua ya sita: Simulia kwa sauti, ukiwa na mtu

Zima filamu, fungua kurasa za sehemu moja, na umsimulie mwenzako kwa Kiingereza huku yeye akishika nafasi ya wakili na kukukatiza: nani aliamua? alitumia kitenzi gani? Jirekodi kwa simu. Sikiliza hasa "indict", ambayo haitamki "c", na "corpse", ambayo hutamka "p".

Hatua ya saba: Hamishia maneno katika hukumu za kwetu

Sheria yetu ya jinai ilitokana na ya Kiingereza, kwa hiyo maneno ya Old Bailey utayakuta katika hukumu za Mahakama Kuu, Mwanza ikiwemo, ambazo husomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini hukumu za Kiingereza ni nyingi mno. Chagua moja ya mauaji. Utakutana na "malice aforethought", dhamira ovu ambayo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaitaka ili kosa liwe la kuua kwa kukusudia, na "verdict" utaiona kwa nadra kwa kuwa jaji wetu huandika "judgment". Soma aya za mwisho kwanza, tambua rufaa au kesi imeishaje, kisha rudi mwanzo ukiandika katika kurasa zile zile za daftari, chini ya sentensi za Crippen, sentensi ya hukumu hiyo inayotumia neno lile lile.