Jinsi ya kusoma digrii ya kompyuta mtandaoni huku umeajiriwa na una familia

Kabla hujalipa hata mia, chukua karatasi upige hesabu ya masaa. Sio ya hela, ya masaa. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanahesabu krediti moja ni masaa 10 ya mwanafunzi kukaa na kazi, na digrii ya kwanza inataka krediti zisizopungua 360, kwahiyo ni masaa 3,600, humo ndani kuna kusoma, kuangalia vipindi, asaimenti, mitihani, vyote. Sasa kama kwa wiki unapata masaa 12 hiyo ni wiki 300, karibia miaka sita. Ukipata 20 ni wiki 180, miaka mitatu na nusu hivi. Wengi wanaingia na mpango wa miaka mitatu wakati masaa waliyonayo ni ya miaka sita, semista ya pili hawaonekani tena, ukiwauliza wanakwambia digrii za mtandaoni ngumu.

Mi natunza stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, naingia saa mbili natoka saa kumi na moja, foleni hiyo, nyumbani nafika saa moja na nusu. Nilipoandika wiki yangu yote kwenye daftari bila kujidanganya nilikuta masaa tisa tu. Mengine ilibidi niyatoe kwenye mpira, na kwenye kile kibaraza cha jioni ambacho kiukweli tulikuwa tunakaa tu kusimanga watu. Nikahamia alfajiri, nalala saa nne naamka saa kumi, maana usiku ukishashiba ugali kichwa hakishiki kitu. Wapo wanaosoma saa sita usiku na wanafaulu, we jipime tu mwenyewe.

Ukishajua masaa yako ndo utafute chuo, na cha kuangalia kwanza ni kama kinatambulika, ada baadaye. Hapa naongea kwa machungu. Kabla sijaanza hii nayosoma nililiwa na chuo kimoja cha kwenye mtandao, tovuti nzuri, picha za watu wana majoho, wakaniambia kwa uzoefu wangu wa kazi nina sifa ya kupewa digrii ndani ya miezi minne, nikatuma malipo ya kwanza, nikatumiwa cheti cha PDF hata jina langu wamekosea herufi. Kwahiyo chuo cha nje kikikwambia kimeidhinishwa muulize na nani, halafu usiishie kwenye tovuti yake, nenda kwa huyo anayesemekana amekiidhinisha ukakitafute kule. Cha Marekani unakitafuta kwenye orodha ya CHEA, baraza lao la mambo ya kuidhinisha vyuo, au ya Wizara yao ya Elimu, bure, dakika tano. Halafu waulize TCU kama digrii ya chuo hicho wataitambua, kwa Kenya wapo KNQA, mamlaka yao ya kutambua vyeti. Uliza kabla ya kulipa, maana ukija kuuliza una cheti mkononi unakuwa unaomba huruma.

Kwa machaguo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo tangu sheria ya 1992, wanafunzi wa kwanza waliingia 1994, kina digrii ya TEHAMA, na uzuri wake kina vituo mikoani, kwahiyo aliyeko Songea sio lazima aje makao makuu Kinondoni kila akiwa na shida. Kenya walianzisha Open University of Kenya pale Konza 2023, wana sayansi ya data na usalama wa mtandao. Cha nje kinachotajwa sana ni University of the People cha Marekani, kilianza 2009, hakina ada ya masomo ila unalipia kila kozi unayomaliza, hapo ndo watu wanaposikia bure wanachanganyikiwa. Muhula wao ni wiki 9, mihula mitano kwa mwaka, digrii ina kozi kama 40, kwahiyo ukichukua kozi moja moja ni miaka minane na ukichukua mbili mbili ni minne. Mbili na kazi ya kuajiriwa inawezekana, ila mtoto akiugua wiki moja tu unaanza kukimbizana. Kama hela sio tatizo kuna University of London, sayansi ya kompyuta yao ipo Coursera, ile tovuti ya kozi za mtandaoni, tangu 2019, lakini ile ni paundi kaka, maelfu.

Sasa kabla ya kujiandikisha popote jaribu wiki sita za CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Harvard, ile anayofundisha David Malan, ni bure. Wiki ya kwanza unacheza na vipande vya rangi kama mtoto, inayofuata wanakutupa kwenye C, lugha ya kuandikia programu, na wanakuambia uandike programu ya kuchora piramidi kwa alama za reli (#), ngazi zikiwa zimeegemea kulia. Mi ile piramidi ilinilaza siku tatu. Ngazi zilikuwa zinakuja zimeegemea kushoto, nikiweka nafasi mbele zinahama zote zinakuwa kama ukuta ulioinama, nabadilisha hiki kinaharibika kile. Siku ya tatu alfajiri nikachukua mabox ya misumari nikayapanga sakafuni, mstari wa kwanza box moja, wa pili mawili, nikaanza kuhesabu sehemu zilizo wazi badala ya mabox. Ngazi nne zikitaka kujengwa, mstari wa kwanza una wazi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja. Kumbe nafasi ni urefu ukitoa namba ya mstari, mi nilikuwa narudia nafasi zile zile kila mstari. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akatoka kuangalia. Kama kitu kama hicho kitakukera mpaka uache, bora ujue sasa hivi kuliko ukajue baada ya kulipa semista mbili. Na kama kitakukera ila ukashindwa kulala mpaka utatue, basi we wa huku.

Vifaa sitaongea sana. Simu haitoshi, hilo usibishane na mtu. Laptopu ya mtumba inatosha kabisa, chukua yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ukiwa na hela kidogo ya kuongeza iweke kwenye RAM, achana na rangi na wembamba. Betri ijaribu palepale dukani, chomoa chaja ukae nayo nusu saa muuzaji anune tu, maana umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri na betri ni ya dakika kumi huo ndo usomaji wako umeishia hapo. Vipindi vishushe usiku kwa bando la bei nafuu, ubora wa picha usiwe chini ya 480p kwa sababu maandishi ya kodi (code, yale maagizo ya programu) yanakuwa ukungu, nukta na mkato vinafanana, unakuja kukosea kitu ambacho mwalimu hakukosea. Kazi zako zipandishe GitHub, ile stoo ya mtandaoni ya kodi za programu, kila siku hata kama hazijakamilika, flashi isiwe ndo benki yako.

Masaa ya kukusanya kazi yaangalie vizuri sana, hii imeumiza wengi. Chuo kinachotumia saa ya GMT-5, yaani masaa manane nyuma yetu, kikisema Jumatano saa 11:55 usiku za kizungu (saa sita kasoro dakika tano usiku kwao), kwa huku ni Alhamisi saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, kwahiyo una usiku mzima wa ziada na alfajiri yake. Lakini chuo cha Malaysia kikisema saa 11:59 usiku za kizungu, huku inafunga saa moja kasoro dakika moja jioni, we bado upo kwenye daladala umebanwa mlangoni. Mi nimeandika saa ya kwetu kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la mangi. Chuo cha London kinakuwa na masaa mawili tofauti na sisi wakati wa kiangazi chao na matatu wakati wa baridi, kwahiyo kila Machi na Oktoba angalia upya.

Kazini mwambie bosi, usifiche. Mi nilikaa miezi mitano nasoma kwa kujificha, simu chini ya kaunta, siku nikapokea mzigo wa nondo nikasaini pungufu, akaniita. Nikamwambia ukweli, Mama nasoma. Akanyamaza, akaniuliza lini unamaliza, sio kwa nini unasoma. Tukakubaliana likizo yangu niigawe. Sheria ya kazi inakupa siku 28 kwa mwaka, na wewe na mwajiri mkielewana kuzikatakata, wiki moja moja kuzunguka mitihani ni dhahabu kuliko mwezi mzima wa kwenda kijijini kuulizwa utaoa mke wa pili lini. Nyumbani nako hivyo hivyo, kaa na mwenzio mkubaliane masaa gani haupo hata kama upo sebuleni. Shemeji zangu walikuwa wanakuja Jumapili wakinikuta kwenye laptopu wanadhani nabeti.

Hesabu usizikimbie. Utakutana na mantiki, seti, matriki, na kama fomu foo ulipita kwa kukremu kama mimi anza kuzirudia mapema, robo saa kila siku kwenye daladala inatosha, tovuti ya masomo ya Khan Academy ni bure. Na hizi roboti za kujibu maswali, zitumie zikueleze kosa lako, zisikuandikie kazi, maana kwenye mtihani wa kamera, ule unaosimamiwa kupitia mtandao, haziji na wewe.

Nao huo mtihani wa kamera uufanyie mazoezi. Msimamizi yuko mbali, anataka aone chumba chote, meza tupu, hakuna mtu mwingine, hakuna sauti. Siku moja kabla jaribu kamera, maiki na intaneti kwa saa ile ile utakayofanyia, na simu yenye bando iwe pembeni, ila uliza mwanzoni kama wanaruhusu kuiwasha hotspoti wifi ikikata. Vua saa ya mkononi. Mke wangu siku hiyo anawapeleka watoto kwa bibi yao, mlango nafunga kwa ufunguo, na jogoo wa jirani nimeshamwombea ruhusa, mwenyewe anamfunikia tenga la kuku mpaka saa tano.