Namna ya kuzisoma nyumba za French Quarter, New Orleans

Jina la mtaa, lenye maana ya "Mtaa wa Wafaransa", lisikupotoshe. Wafaransa waliuanzisha mji mwaka 1718, na mitaa iliyonyooka unayoikanyaga leo ilipimwa na mhandisi Adrien de Pauger mwaka 1721. Nyumba zao, hata hivyo, karibu zote ziliteketea. Moto wa Machi 21, 1788 uliunguza majengo 856. Ule wa Desemba 8, 1794 ukala mengine 212. Mji ulikuwa mikononi mwa Wahispania, nao wakaagiza kuta za matofali na mapaa yasiyoshika moto upesi. Unachokiona sasa ni kazi ya enzi hiyo na, zaidi, ya karne ya 19. Anayetaka jengo la Wafaransa wenyewe aende kwenye nyumba ya watawa wa Ursula, Mtaa wa Chartres, iliyokamilika mwaka 1753.

Toka asubuhi mapema, hasa miezi ya joto. Usiulize kaskazini ni wapi: mto Mississippi unapinda hapa, na wenyeji huelekezana kwa kusema upande wa mto, upande wa ziwa (Pontchartrain), upande mto unakotoka au upande unakoelekea. Katika mitaa inayofuata mto, namba za nyumba huanzia Canal Street na kupanda mia moja kwa kila kitalu.

Sasa simama ng'ambo ya barabara, siyo chini ya ukuta, uhesabu milango na madirisha ya mbele. Matundu manne yaliyopangwa sawasawa, nyumba ya chini isiyo ya ghorofa, iliyogusa njia ya miguu, paa la mwinuko mkali lenye kipenu juu ya wapita njia: hiyo ni nyumba ndogo ya Krioli, yaani ya wenyeji waliozaliwa hapa enzi za ukoloni na vizazi vyao. Ndani ina vyumba vinne na haina ukumbi wa kupitia. Unatoka chumba kimoja ukiingia kingine. Mlango mkuu ukiwa pembeni na ukumbi mrefu nyuma yake, umefika kwa ladha ya Wamarekani, walioununua mji pamoja na Louisiana mwaka 1803. Lakini usifunge hesabu haraka. Madame John's Legacy, 632 Dumaine, ilijengwa mwaka 1788 na fundi Mmarekani kwa ajili ya ofisa wa Kihispania, na bado ni ya mtindo wa Kifaransa, imeinuliwa juu ya ghorofa ya chini ya matofali.

Chuma ndicho kinachowakosesha wengi. Roshani hushikiliwa na ukuta wenyewe. Varanda husimama juu ya nguzo zilizokita ukingoni mwa njia. Chuma cha kufuliwa ni chembamba, chenye mikunjo myepesi, na vipande vyake vimefungwa kwa pete au ribiti. Cha kumiminwa kwenye kalibu ni kinene, na ua lilelile hujirudia bila tofauti hata kidogo. Hiki cha pili kilienea kuanzia miaka ya 1850, na mara nyingi kilibandikwa kwenye nyumba iliyokuwepo tayari, kwa hiyo umri wa varanda usiuchukulie kuwa umri wa ukuta. Kwenye majengo ya Pontalba, kandokando ya Jackson Square, tafuta herufi A na P katika vyuma: ni za Almonester na Pontalba, majina ya Micaela aliyeyajenga kati ya 1849 na 1851.

Ukutani, tazama palipobanduka lipu. Matofali ya hapa ni laini na hunywa maji, ndiyo maana yalifunikwa kwa lipu ya chokaa, ambayo huuachia unyevu utoke. Ukiona tofali limeliwa na kurudi ndani huku saruji ya viungo imebaki imejitokeza, mtu alikarabati kwa saruji ngumu ya kisasa. Maji yalikosa njia, yakatokea kwenye tofali na kulimomonyoa. Ni uharibifu unaouma, kwa sababu uliletwa na mkono uliotaka kutengeneza.

Nyumba za ghorofa usiziache bila kuchungulia kwenye njia ya magari ya farasi hadi uani. Jengo jembamba la nyuma, lenye upana wa chumba kimoja na paa la mteremko mmoja, lilikuwa jiko na malazi ya watumwa. Bila jengo hilo hujaisoma nyumba. Hermann-Grima, 820 St. Louis, iliyojengwa mwaka 1831, bado ina jiko lake la moto wa kuni, na waongozaji wake hueleza maisha ya waliolifanyia kazi.

Kisha vuka Rampart Street uingie mtaa jirani wa Tremé, ambako watu weusi huru walimiliki nyumba nyingi. Mwanzoni tu, ndani ya Louis Armstrong Park, ndipo penye Congo Square, mahali ambapo watumwa walikusanyika Jumapili kuuza bidhaa, kupiga ngoma na kucheza. Ukitoka hapo tembea hadi kanisa la St. Augustine, lililofunguliwa mwaka 1842. Ubavuni mwake kuna msalaba wa minyororo, kaburi la ukumbusho wa mtumwa asiyejulikana.