Eabegi ya gari la mtumba: soma namba ya chesisi kabla ya kuiamini taa

Magari mengi yanayozunguka hapa Kigoma, kwenye Mwanga, Ujiji na barabara ya Kasulu, yalianza maisha Japani, yakatumika miaka kumi au zaidi, ndipo yakapanda meli kuja Dar. Kati ya hayo yapo yanayodaiwa matengenezo ya eabegi, ule mfuko unaojaa gesi kukukinga gari likigonga, ambayo kiwanda kiliyatangaza zamani na hayajafanyika hadi leo. Mwenye gari hajui, dalali hajui, na taa ya dashibodi haisemi kitu. Kinachoweza kukupa jibu ni namba ya chesisi, na kuitafuta hakukugharimu zaidi ya bando la simu.

Nyuma ya mfuko wa eabegi kuna kitungi cha chuma chenye kemikali iliyoshindiliwa kama vidonge. Gari likigonga kwa nguvu, kompyuta ya eabegi hupeleka umeme kidogo kwenye kitungi, vidonge huungua, na gesi hujaza mfuko kwa takribani sehemu 30 za elfu moja ya sekunde. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amonium naitreti kwenye vidonge hivyo, na vitungi vyake vingi havikuwekewa dawa ya kufyonza unyevu. Joto la mchana na ubaridi wa usiku, vikichanganyika na unyevu kwa miaka mingi, huvifanya vidonge vipasuke na kulegea. Siku ya ajali vinaungua haraka kupita kiasi, kitungi hakihimili mgandamizo, na vipande vya chuma hupenya kwenye kitambaa hadi shingoni na usoni kwa aliyekaa mbele. Kuna watu waliokufa kwa majeraha hayo katika ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea.

Magari yaliyoguswa ni ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Mitsubishi, Subaru, BMW, Ford na wengine. Marekani peke yake iliagiza vitungi takribani milioni 67 vibadilishwe, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Huko Marekani, maeneo ya joto na unyevu ndiyo yaliyowekwa kundi la kwanza la hatari. Kigoma ina mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na gari lililofungwa vioo juani huiva ndani, kwa hiyo hatuna sababu ya kujiona tuko nje ya kundi hilo. Tabora nako, kiangazi kinapokolea, joto la mchana na ubaridi wa usiku hupishana sana.

Rikoli, yaani wito wa kiwanda wa kurudisha gari likarekebishwe, zimechelewa huku kwa sababu rahisi: barua ya kiwanda huenda kwa mmiliki anayejulikana kwenye kumbukumbu zake, naye ni mtu wa Osaka au Nagoya aliyeliuza gari zamani. Tangu Mei 2018 serikali ya Japani ilianza kuyanyima ukaguzi wa lazima magari yenye rikoli hatari za Takata ambazo hazijafanyiwa kazi, na hilo liliwasukuma wengi kwenda gereji. Gari lililosafirishwa kabla ya hapo, au lililouzwa mnadani likiwa tayari halina ukaguzi, liliweza kuondoka bila kuguswa.

Sasa chukua kadi ya gari, lakini usiishie hapo. Fungua boneti na utafute kibati cha kiwanda kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Magari mengine huwa nacho kwenye nguzo ya mlango. Gari la soko la Japani halina namba ya tarakimu na herufi 17 kama za Marekani na Ulaya. Lina namba fupi yenye kistari katikati, kwa mfano NCP91-5012345. Kibati hichohicho kinaweza kuwa na maandishi kama DBA-NCP91. Hiyo DBA inahusu daraja la moshi na si sehemu ya chesisi, usiiingize popote. Linganisha namba ya kibati na ile iliyochongwa kwenye chuma cha bodi, kisha na ile ya kadi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, acha habari ya eabegi kwanza; una tatizo kubwa zaidi na TRA au polisi.

Nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari lako, si tovuti yao ya Afrika, utafute ukurasa wa rikoli. Tovuti ya serikali ya Marekani, ile ya NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, haitakusaidia kwa gari lenye namba fupi, na ndipo watu wengi wanapokwama: wanaingiza namba, wanaambiwa haipo, wanadhani gari ni salama. Ruhusu simu itafsiri ukurasa. Mara nyingi utaona visanduku viwili. Cha kwanza weka kilicho kabla ya kistari, cha pili weka tarakimu zinazofuata. Sifuri ni 0, usiandike herufi O. Kibodi iwe ya kawaida, maana tovuti hizo zinaweza kukataa tarakimu zenye upana wa Kijapani.

Jibu likija, usitegemee tafsiri ya simu peke yake. Tazama alama mbili: 未 ina maana kazi haijafanyika, 済 ina maana imeshafanyika. Piga picha ya skrini yenye namba ya rikoli, tarehe ya tangazo na sehemu inayohusika, kwa kuwa gari moja linaweza kuwa na rikoli tatu na mbili kati yake zikahusu vitu vingine kabisa. Tangazo litasema pia ni eabegi ya dereva au ya abiria. Tofauti hiyo utaihitaji.

Ukishapata jibu hilo, fungua mlango wa dereva. Karibu na kile chuma ambacho kitasa cha mlango hukishika, Wajapani hubandika stika ndogo yenye namba kazi ya rikoli inapokamilika. Stika ikiwepo, namba yake ilingane na ile ya tangazo. Usishangilie stika yoyote tu. Inaweza kuwa ya pampu ya mafuta. Na hata stika ya eabegi haitoshi kama ni ya zamani, kwa sababu miaka ya mwanzo baadhi ya magari yaliwekewa kitungi kipya cha aina ileile ili kununua muda, yakaitwa tena baadaye. Tovuti ndiyo inayojua kama lipo deni la pili.

Kitu kingine cha kukagua ni dashibodi upande wa abiria. Spea zilipokuwa hazitoshi, magari fulani yalizimiwa eabegi ya abiria kwa muda na kubandikwa onyo la Kijapani. Onyo hilo hutolewa kirahisi na anayesafisha gari kwa ajili ya kuuza.

Kama bado unanunua, omba chesisi nzima kabla ya kutoa hata ya kishika uchumba. Muuzaji wa mtandaoni akificha tarakimu za mwisho, mwambie hununui gari usilolijua. Omba pia hati ya kusafirishia, inaonyesha mwezi na mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Kisha vuta mkanda wa dereva hadi mwisho usome lebo iliyo chini karibu na sakafu. Mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wa 2013 kwenye gari la 2007 unakuambia kuna siku mkanda ulibadilishwa, na mkanda haubadilishwi bila sababu.

Ukikuta alama ya 未, usipande basi kwenda Dar. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako anaweza asiwe na kitungi stoo. Waandikie kwanza, kwa baruapepe au WhatsApp, ukiambatisha picha ya kibati na ya skrini. Ujumbe mfupi unatosha:

"Habari za kazi. Gari langu ni Toyota Vitz, chesisi NCP91-5012345, liliingia nchini likiwa limetumika. Tovuti ya Toyota Japani inaonyesha rikoli ya kitungi cha eabegi ya abiria haijafanyika. Naomba mnithibitishie: mnaipokea gari ambayo hamkuiuza nyinyi? Kitungi kipo au kinaagizwa, na kwa muda gani? Spea na ufundi ni bure? Naweza kupangiwa siku kwa maandishi?"

Swali la kwanza na la tatu ndiyo yenye uzito. Kwa gari lililoingizwa na mtu binafsi majibu hutofautiana, na neno la mdomoni la mtu wa mapokezi halikusaidii ukishafika. Wakikataa, omba wakuandikie hivyo, kisha mwandikie mtengenezaji Japani kwa fomu ya huduma kwa wateja ukiambatisha jibu lao. Malalamiko ya mlaji hapa nchini hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Wakati unasubiri, linalofuata linategemea ni upande gani. Ikiwa ni abiria peke yake, kiti cha mbele kushoto kibaki kitupu, na hilo ni gumu kwa mchomoko wa Probox, teksi ya kuchangia, ambao kiti hicho ndicho cha kwanza kujaa. Ni gumu, lakini hakuna njia ya kulizunguka. Ikiwa ni dereva, punguza safari hadi zile za lazima, rudisha kiti nyuma mpaka kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, na funga mkanda kila mara. Ikiwa ni Honda ya mwaka 2001 hadi 2003 yenye rikoli wazi ya eabegi ya dereva, lipaki. Kwenye vipimo vya Marekani, vitungi vya kundi moja la Honda na Acura za miaka hiyo vilionyesha uwezekano wa kupasuka unaofika hadi asilimia 50.

Kuchomoa fyuzi ya eabegi si dawa. Kwenye magari mengi fyuzi hiyo hulisha mfumo mzima, kwa hiyo unazima na eabegi zisizo na kasoro za upande wa pili pamoja na vikaza mikanda.

Taa nayo ina kazi yake, ila si hii. Kitungi cha Takata kilichoharibika hakiwashi taa, kwa kuwa waya zake ni nzima na kompyuta hupima waya tu. Taa inakusaidia kugundua eabegi iliyong'olewa au kuchezewa. Weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya eabegi iwake kama sekunde sita, kisha izime yenyewe huku taa za oili na chaji zikiendelea kuwaka. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa. Ikikaa inawaka, kuna hitilafu. Ikizima sawia na taa ya oili au ya chaji unapopiga stata, fundi ameiunganisha huko ili ikudanganye. Mchezo mwingine haugunduliki kwa taa: rizista ya ohmu mbili au tatu inawekwa mahali pa eabegi, kompyuta inaridhika, na nyuma ya kifuniko cha usukani hakuna kitu. Angalia kifuniko hicho kama rangi na vinyweleo vyake vinafanana na dashibodi, na kama nembo imebandikwa kwa gundi.

Ukipima kwa mashine, hakikisha inaingia kwenye kompyuta ya eabegi. Vile vidude vya bei rahisi vya bluetooth mara nyingi husoma injini tu na kusema hakuna kosa. Kwenye Toyota, makosa B1800 hadi B1803 ni ya eabegi ya dereva, B1805 hadi B1808 ya abiria. B1801 mara nyingi huishia kwenye ile tepu ya waya iliyoviringwa nyuma ya usukani, ambayo ikikatika huwa inaua na honi. Gari lililoingia maji hadi sakafuni lishukiwe pia: kompyuta ya eabegi ya Toyota nyingi hukaa chini katikati, karibu na gia.

Usinunue eabegi ya gari lililochinjwa. Kitungi hakina chesisi. Kinaweza kuwa ndicho kile kilichoitwa na kiwanda, na kwenye gari lako tovuti haitakionyesha. Vipya vya bei ya kutupa navyo ni hatari: mwaka 2024 NHTSA ilitoa tahadhari juu ya vitungi vya bei rahisi visivyo na ubora vilivyolipuka na kuua.

Kwa fundi anayefungua usukani kwa ajili ya honi au tepu: toa terminali hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 kwa Toyota na dakika tatu kwa Honda, ndipo uguse soketi za njano. Usiipime eabegi kwa mita, kwa kuwa umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua. Ibebe uso wake ukiangalia mbali na mwili, iweke mezani uso ukiwa juu. Ikiwekwa kifudifudi na ikafyatuka, inaruka kama kombora. Usichomelee bodi betri ikiwa imefungwa.

Eabegi iliyotolewa ikiwa haijafyatuka isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, isitiwe kwenye moto wa taka, wala isikatwe kwa grainda. Wakala aliyebadilisha kitungi hubaki na cha zamani, na ukimwona fundi wa mtaani anakurudishia mkononi kama ukumbusho, mwambie akifungie mahali pakavu, mbali na moto na watoto, hadi wakala akipokee.