Somo: Tangi hai la geko chui

Tangi hai ni lile lenye udongo, mimea na vidudu wanaomalizia uchafu wa mjusi. Wengi humnunua mjusi Jumamosi, tangi Jumapili. Mimi pia nilianza hivyo, hapa Uingereza. Nilimtia geko wangu siku ya tatu. Kufikia wiki ya pili alikuwa amewala isopodi wote (ndio hao vidudu wasafishaji), nimebaki na sanduku la udongo lenye mavi. Kwa hiyo tangi kwanza, mjusi baadaye.

Geko chui ni wa nyanda kavu za mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Hatambai ukutani kama mjusi kafiri wetu, maana vidole vyake havinati. Mpe upana wa sakafu: sm 90 kwa 45 inatosha.

1. Mawe mazito yatangulie, yakae juu ya kioo chenyewe. Ukiyaweka juu ya udongo, geko atachimba chini yake na yatamwangukia.

2. Changanya udongo wa juu usio na mbolea sehemu 7, mchanga sehemu 3. Lowesha, fumbata konzi moja: ushikane, lakini maji yasichuruzike. Jaza sm 10.

3. Panda shubiri au sansevieria, baada ya kuosha mizizi, kwani maduka hupulizia dawa. Mnyaa usiutie, utomvu wake unachoma macho.

4. Taa ya joto iwe upande mmoja, tena kwenye themostati (kifaa cha kudhibiti joto). Jiwe chini yake lifike nyuzi 34 hadi 36, upande wa pili ubaki 24 hadi 26. Pedi ya joto chini ya tangi haifai hapa: udongo huzuia joto lisipande, kioo kinapata joto mno. Ongeza taa hafifu ya UVB (mionzi kama ya jua).

5. Tia kolembola (vidudu vyeupe kama chembe za chumvi) na isopodi, wale wa kijivu wanaojificha chini ya magogo. Wape majani makavu na gome la mti. Subiri wiki 4 hadi 6. Ukiinua gome ukaona vitoto vyeupe vikitawanyika, mlete mjusi.

Maji mwaga kona moja tu ya upande wa baridi, na hapo weka pango lenye unyevu. Akikosa unyevu wakati wa kujivua ngozi, ngozi kuukuu hubana vidoleni mpaka vikatike.

MASWALI

Mwalimu, wiki ya pili udongo umeota ukungu mweupe. Niutupe?
Usiutupe. Ni kawaida tangi likiwa jipya, na kolembola wanaula. Punguza maji kidogo.

Kwa hiyo sisafishi tena, sivyo?
Hapo ndipo tunapodanganyana! Geko huchagua kona moja ya choo. Mavi makubwa na kile kipande cheupe kama chokaa, ondoa kwa kijiko. Wadudu wanamalizia masalio tu.

Dada, mie niko Mombasa, joto ninalo bure. Taa ya nini?
Kaka yangu, kwanza ulizia kibali cha kumfuga. Halafu, joto la chumba si jiwe la nyuzi 35. Anahitaji mahali pa kuotea joto na mahali pa kukimbilia. Shida yako itakuwa hewa ya pwani, ina unyevu mno kwake. Funika kwa wavu, si kioo, na maji mwaga kwa kubania.

Nyenje wa chakula chake waliobaki usiku niwaache?
Watoe. Wakikosa chakula wanamng'ata akiwa amelala.