Harusi yako ya kwanza kama DJ hapa Dodoma, soma hii kwanza

Mdogo wangu, kama umezoea kupiga mziki baa za Area D mpaka alfajiri usidhani harusi utaiendesha hivohivo. Baa ukikosea wimbo watu wanaagiza nyingine maisha yanaendelea, harusini ukikosea mama wa bibi harusi atakusimulia mpaka kwa wajukuu. Afu jua kabisa bosi wa ukumbi siku hiyo ni MC, sio we, nusu ya kazi yako ni kumwangalia usoni.

Kwa hiyo mtafute mapema, hata kwa simu, akupe ratiba. Nyimbo za lazima ziko 4 tu: wazazi kuingia, maharusi kuingia, keki na kufungua mziki. Hizo waulize maharusi wenyewe, sio shemeji wa kwenye grupu la kamati, na ukishazipata zisikilize MWANZO MPAKA MWISHO. Mi kuna harusi moja Kisasa nilidaunlodi wimbo wa kuingilia jioni ileile nikaona kuusikiliza ni kupoteza muda, maharusi wako katikati ya zulia, hatua moja moja, kamera zote ziko kwao, mara ndani ya wimbo ikatoka sauti ya DJ mwingine anajitangaza jina na namba ya simu. Ukumbi mzima kicheko. Bwana harusi akageuka kuniangalia, ile sura naiona mpaka leo.

Jambo lingine, nyimbo nyingi zinaanza polepole na maneno kibao, weka alama kwenye laptopu pale mdundo unapodondoka ili MC akisema tu "wageni tusimame" na we unaachia hapohapo. Na usiandae wimbo mmoja, mlangoni hadi meza kuu inaweza kuwa mita 30 lakini wakianza kuserebuka ni dakika 15, andaa 3 zenye mwendo unaofanana.

Zawadi ndo penye mtihani. Tangu serikali ihamie huku ukumbi mmoja unakuta Wagogo wa Bahi, Wachaga, Wahaya na Wasukuma wa ofisini, na kila kundi likiitwa linataka kuingia na chake. Muulize MC makundi yatakayoitwa, fungua folda ya kila moja. Za Kigogo zitafute mapema, zile za zeze na ilimba (kile kinanda cha kupiga kwa vidole gumba), maana ukiwawekea wazee wa Kongwa singeli inayokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, watatembea na yale mablanketi kama watu wanaowahi basi. Na wakija akina mama na ngoma zao za muheme we shusha mziki mpaka chini, sogeza maiki moja karibu nao, kaa utulie. Wakimaliza usirukie haraka, acha vigelegele viishe kwanza.

Chakula weka rhumba au zilipendwa, sauti ya chini, mtu aweze kumwomba jirani chumvi. Basi.

Vifaa: sherehe ya saa 12 jioni we fika saa 7 mchana. Kama ni nje, upepo wa Dodoma unaujua, stendi za spika zifunge na mifuko ya mchanga na mashine ifunike kanga mpaka muda wako ufike, vumbi likiingia kwenye vitufe halitoki. Spika zikae mbele ya MC, akisimama mbele ya spika maiki itapiga mluzi tu. Taa nyekundu za mikisa zikiwaka punguza, hiyo sio nguvu, hiyo ni spika inakufa. Umeme ukikatika zima amplifaya kabla jenereta halijawashwa, ule mshtuko wa umeme kurudi unaua sabufa, na simu yenye nyimbo zote pamoja na waya wake viwe mfukoni, sio kwenye begi lililobaki garini.

Hela chukua nusu kama advansi, na saa ya kumaliza iandikwe hata kwa meseji. Salio lidai kabla keki haijakatwa, maana ikifika saa 6 usiku mhazini wa kamati utamkuta yuko katikati ya singeli, viatu mkononi, hata jina lako hakumbuki.